Kisumu Inafika Miaka 125. Mameya Wake Tumewaweka Wapi?

Jaribu hii na marafiki zako leo. Waulize meya wa kwanza mwanamke mweusi Kenya alikuwa nani. Wengi watakwambia Margaret Kenyatta, bintiye Mzee, Nairobi. Wamekosa, na wamekosa kwa miaka mitano. Margaret alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu tangu 1965.

Sasa waulize la pili: mumewe Grace aliitwa nani?

Kimya, si ndio?

Nauliza kwa sababu Desemba 2026 Kisumu inafika miaka 125, tukihesabu vile ilivyohesabiwa 2001. Mwaka huo ilifanywa sherehe ya miaka mia moja na Kisumu ikapandishwa kuwa jiji, Moi akiwa bado rais. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa ama tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Hesabu inaanzia kwa reli, iliyotoka Mombasa ikafika ziwani mwezi wa Desemba 1901. (Mimi binafsi hesabu hii hunikera kidogo. Watu walikuwa wakija hapa kubadilishana chakula na bidhaa kitambo kabla chuma hakijafika, na jina Kisumu lenyewe linatokana na hiyo biashara. Lakini mwaka wa soko la kwanza hakuna aliyeuandika, wa reli uliandikwa, basi reli ikashinda.)

Na hiyo reli ilikuja na jina lake. Wazungu waliita mahali hapa Port Florence. Florence ni nani? Stori inayosimuliwa zaidi ni kwamba ni Florence Preston, mke wa Ronald Preston, aliyekuwa akisimamia utandikaji wa reli. Mama huyo alifuatana na mumewe kambi baada ya kambi kutoka pwani hadi ziwani, na yeye ndiye aliyegonga msumari wa mwisho. Wapo wengine wanaosema jina lilikuwa la mke wa injinia mkuu, George Whitehouse, ambaye pia aliitwa Florence. Chagua unayemtaka. Ama huyu ama yule, ni mke wa mtu. Yaani jina la kwanza ambalo serikali ya mkoloni ililipa jiji letu lilikuwa heshima kwa mwenzi wa mfanyakazi wa reli. Wahindi wapatao 2,500 walikufa wakijenga hiyo reli na hakuna stesheni iliyoitwa kwa jina la mmoja wao, wala la mjane wa mmoja wao.

Kwa hivyo mtu akiniambia ati kumheshimu mwenzi wa kiongozi ni mambo ya kuiga ng'ambo, namwambia jiji hili lilianza hivyo hivyo. Shida ni nani alihesabiwa kuwa mwenzi wa maana.

Turudi kwa Grace. Alizaliwa 1924, akawa mwalimu, akaingia baraza la mji kama diwani, na 1965 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya baada ya meya Mathias Ondiek kufariki. Fikiria hiyo picha. Kenya ina uhuru wa miaka miwili tu. Bungeni hakuna hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa. Halafu Kisumu inamvisha mama mweusi joho na mkufu na kumwita Mstahiki Meya. Hakuna mji mwingine Kenya uliokuwa umefanya hivyo. Sisi wa Kisumu tunajisifu kwa samaki, kwa mpira na kwa siasa. Hili hatulisemi.

Uingereza ilituachia umeya pamoja na adabu zake zote: joho, mkufu, kiti cha mbele, na cheo cha mke wa meya, yule anayekaa pembeni akipokea maua. Mume wa meya ndiye ambaye adabu hizo hazikuwa zimejiandaa kumpokea. Mumewe Grace, Onyango Baridi, alikuwa mwandishi wa habari, mtu mwenye kazi yake na jina lake. Sasa mweke 1965, kwa hafla ya mji, mkewe ndiye mwenye mkufu. Anakaa wapi? Anaitwa nani? Hata leo, gavana mwanamke akichaguliwa, kuna watu huanza kumcheka mumewe kabla hajaapishwa. Na hapa tunazungumzia wanaume wa 1965.

Halafu ikaja 1969. Tarehe 25 Oktoba Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ile tunayoita Russia. Maneno yakawa makali kati yake na Jaramogi, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Wiki sita tu baada ya hizo risasi, tarehe 6 Desemba, ulifanyika uchaguzi, na mji ambao ulikuwa bado matangani ukampeleka Grace Onyango bungeni. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge tangu uhuru, na baadaye mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, hata kama ilikuwa kwa muda.

Mimi nikisoma hiyo wiki sita, simfikirii yeye peke yake. Nafikiria nyumba yake. Nani alibaki na watoto wakati mama anazunguka kuomba kura katika mji unaoogopa kusimama kwa makundi? Tunajua nyumba ya mheshimiwa huwaje hapa kwetu. Haina mlango. Saa kumi na mbili asubuhi kuna mtu wa karo sebuleni, saa nne usiku kuna mtu wa matanga kwa geti. Meya wa zamani hakuwa na jeshi la wasaidizi kama gavana wa leo. Aliyechemsha chai ya wageni, aliyekumbuka jina la mama wa Kaloleni aliyekuja wiki jana, aliyesema "mheshimiwa amelala, rudi kesho", alikuwa ni mke, ama kwa Grace, mume. Hiyo kazi haikuwa na mshahara na haiko kwa rekodi yoyote ya baraza.

Najua mtakachoandika hapo chini kwa komenti. Mameya walikuwa wezi. Walijigawia ploti, waligeuza vyoo vya umma kuwa maduka, walilala na taka zikajaa mjini. Sibishi. Mabaraza mengi Kenya yaliendeshwa vibaya sana, hadi 1983 serikali ikalivunja baraza la Nairobi na jiji kuu likakaa chini ya tume mpaka 1992. Na kuna kitu kingine kilichowafanya wasahaulike: hatukuwachagua sisi. Wewe ulipiga kura ya diwani, madiwani wakajifungia wakachagua meya wao. Ni vigumu kumkumbuka mtu ambaye kidole chako hakikuwahi kumgusa kwa karatasi ya kura.

Kisha 2013 cheo chenyewe kikafa. Mabaraza 175 nchi nzima yalifutwa, kaunti zikaingia, na Sam Okello akawa meya wa mwisho wa Kisumu. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa anaingia sekondari na neno meya kwake ni kitu cha filamu za Marekani. Jiji sasa lina meneja na bodi. Hujui jina la meneja, usinidanganye.

Lakini orodha si medali, na hapa ndipo nakosana na wale wanaotaka tuwakumbuke "wazuri" pekee. Nani atachagua wazuri? Kamati ya nani? Tunawajua watu wetu, ikifika hapo kila mtu ataleta mjomba wake. Andikeni wote: jina, miaka aliyokaa, jina la mwenzi wake kama alikuwa naye, na jambo moja baraza lilifanya wakati wake, liwe zuri ama liwe aibu. Aliyeuza ploti ya shule aandikwe hivyo hivyo, na ukweli huo uwe na hati ya kuushika. Shakeel Shabbir, Mhindi wetu aliyeongea Kijaluo kuliko vijana wa leo, alikuwa meya kabla ya kuwa mbunge. Naye aandikwe. Watoto wa Nyalenda wakisimama mbele ya huo ukuta wajue jiji lao liliwahi kuongozwa na mtu wa kila aina.

Wenzi nao waandikwe kwa majina yao kamili, tafadhali. Si "Bi. Fulani". Tayari tunajua jina la mama wa reli kwa miaka 125.

Kinachonitia haraka ni hesabu ndogo tu. Grace Onyango alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 98. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku Grace alipovishwa mkufu amepita 80 sasa. Makarani waliopiga chapa barua za baraza, madereva, waliokuwa majirani Kaloleni na Shauri Moyo, wamebaki wachache, na picha ziko kwa makabati ya sebuleni zikiliwa na unyevu wa ziwa. Sherehe ikifika, najua vile itakuwa: hema jeupe, hotuba tano, msanii kutoka Nairobi, na keki ya ramani ya kaunti. Sawa, keki tutakula. Ila kabla ya hapo, kama una nyanya ama babu aliyefanya kazi baraza la mji, ama aliyekuwa jirani wa meya yeyote, kaa naye Jumapili hii. Washa simu urekodi. Usianze na siasa, wazee wakianza siasa hamtamaliza. Muulize tu nyumbani kwa meya nani alikuwa anafungua mlango.