Nywele Hushonwa Mwisho

Muulize fundi yeyote wa wanasesere wa kitambaa ni sehemu gani inayomchosha, atakuonyesha kichwa. Mwili hukatwa vipande viwili, ukashonwa, ukageuzwa, ukajazwa pamba au sufi. Macho ni mishono michache ya uzi mweusi. Kisha zinakuja nywele, na hapo ndipo mchana unapoishia. Uzi wa kufumia huzungushwa kwenye kipande cha boksi mara hamsini au sitini, ukakatwa upande mmoja, ukatandazwa na kushonwa katikati ili mshono huo uwe njia ya nywele. Ndipo hulazwa kichwani na kupigwa sindano kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kila mshono ukirudi nyuma kuushika uliotangulia. Ukilegeza, zitang'oka siku ya kwanza, maana kwa mtoto nywele za mwanasesere ndizo mpini wa kumbebea.

Kwa kuwa hushonwa mwisho, nywele hupata kilichobaki. Soksi iliyotoboka, sweta lililofumuka, katani, fulana kuukuu iliyokatwa mistari na kuvutwa hadi ijikunje: vyote vimewahi kuwa nywele. Mtoto wa shamba hahitaji hata hivyo. Hindi bichi humjia na nywele zake, naye huzisuka kabla halijafika jikoni. Kwa hiyo anayefuatilia historia ya nywele hizi anafuata maswali mawili: nyumbani palibaki nini, na aliyeshika sindano alikuwa akiwaza nywele za nani.

Ushahidi wa kale tunao kutoka Misri. Katika makaburi ya Thebes ya takriban miaka 4,000 iliyopita, wachimbuaji walikuta sanamu za mbao bapa, zenye umbo la kafi. Kichwa ni kama hakipo. Ni kijiti tu kilichofunikwa na shungi zito la nyuzi za kitani zilizotungwa shanga za udongo. Mwili umechorwa haraka haraka, nywele ndizo zilizopewa muda. Wataalamu wengi leo hawaamini kwamba sanamu hizo zilikuwa za watoto, bali wanazihusisha na wanawake waliocheza ngoma za ibada.

Wa kuchezewa hasa ni yule aliyepatikana Oxyrhynchus, Misri hiyohiyo wakati wa utawala wa Warumi, ambaye sasa yumo British Museum, London. Ameshonwa kwa kitani na kujazwa matambara na vipande vya mafunjo. Upande wa kushoto wa kichwa pana ushanga mmoja wa kioo, na ni kwa ushanga huo makumbusho yanakisia kwamba huyu ni msichana, kwani huenda ulikuwa pambo la nywele.

Karne nyingi baadaye, kazi hii ilipoanza kutoka sebuleni kwenda kiwandani, nywele za uzi zilionekana kuwa na kasoro mbili: huchomoka, na haziogeki vizuri. Wenye biashara wakachukua brashi. Izannah Walker wa Central Falls, Rhode Island, Marekani, aliyepata hataza ya wanasesere wake wa kitambaa mwaka 1873, aliwapaka rangi ya mafuta usoni na kichwani, na baadhi akawachorea vishungi vya kujisokota mbele ya masikio. Martha Chase wa mji wa jirani, Pawtucket, ambaye utotoni alichezea mwanasesere wa Walker, naye alianza kutengeneza wake karibu na mwaka 1889, akiipiga rangi ya nywele kwa mikono mizito ili ivimbe kama nywele zenyewe. Sifa yao kubwa ilikuwa kuoshwa, na mwaka 1911 akatengeneza mmoja wa kimo cha mtu mzima kwa ajili ya kufundishia wauguzi.

Ujerumani, Käthe Kruse alianza mwaka 1905 kwa taulo lililojazwa mchanga, kichwa kikiwa kiazi, awe mtoto wa kuchezewa na binti yake. Alipowaonyesha wanasesere wake katika duka moja kubwa la Berlin mwaka 1910, nao walikuwa na nywele za kupaka. Ilipita karibu miaka ishirini ndipo wakatoka wenye wigi za nywele za binadamu, zilizofungwa kwa mkono.

Majumbani, lakini, sindano haikuwekwa chini. Na huko ndiko swali la pili, la nywele za nani, lilikojibiwa mapema.

Harriet Jacobs alizaliwa mtumwa North Carolina mwaka 1813. Alipomkimbia bwana wake alijificha karibu miaka saba katika upenyo wa darini kwa bibi yake, urefu wa futi 9, upana wa futi 7, na pale palipoinuka zaidi hapakuzidi futi 3. Humo ndani, Krismasi ilipokaribia, alishona nguo na vitu vya kuchezea kwa ajili ya watoto wake, walioishi chini yake bila kuambiwa mama yuko wapi. Mwaka 1842 alitorokea Kaskazini, akawa mlezi katika familia moja ya New York, na wanasesere watatu wanaosemekana aliwashonea mabinti wa nyumba hiyo walionyeshwa mwaka 2022 katika maonyesho ya wanasesere weusi mjini humo.

Wanasesere weusi walioshonwa kwa mkono Marekani tangu miaka hiyo hadi karibu na 1940 wana nywele za kila namna: uzi, manyoya ya farasi, nguo iliyochambuliwa, na mara nyingi sufu ya kondoo ikiwa na ngozi yake. Waliowadharau Waafrika walizoea kusema kwamba vichwa vyao vimeota sufu, kama sisi tulivyolifanya neno kipilipili kuwa la kuchomea watu. Mshonaji hakuhangaika na neno. Alihitaji kitu kinachojisokota chenyewe, akakipata.

Aliyeurudisha uzi madukani ni mchoraji Johnny Gruelle, aliyepata hataza ya mwanasesere wake Raggedy Ann mwaka 1915 na kumtolea kitabu mwaka 1918. Wa awali walikuwa na uzi wa kahawia. Wekundu ambao watu wanaukumbuka ulifuata baadaye. Raggedy Ann alipendwa kwa sababu alifanana na kitu ambacho bibi yeyote angeweza kushona. Tangu hapo, ukisema mwanasesere wa kitambaa, watu wengi huona nyuzi zinazoning'inia, na zinaning'inia zimenyooka.

Mwaka 1947 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark walichapisha utafiti uliohusisha watoto weusi 253. Waliwawekea wanasesere waliolingana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wa kahawia wenye nywele nyeusi, weupe wenye nywele za manjano. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Kazi ya Kenneth Clark kuhusu athari za ubaguzi kwa watoto ilitajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1954 uliopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za serikali.

Jibu la dukani lilikuja na jina la Kiswahili. Baada ya ghasia za Watts, Los Angeles, za mwaka 1965, Lou Smith na Robert Hall walianzisha shirika la kuwapa vijana weusi ujuzi wa kazi, na mwaka 1968, kwa msaada wa kampuni ya Mattel, likazaa kiwanda cha vitu vya kuchezea kilichoitwa Shindana. Ni mji uleule ambako miaka miwili kabla ilianza Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kujitafutia Afrika. Mwanasesere wao wa kwanza, Baby Nancy, anakumbukwa kwa afro yake fupi. Wakafuata wenye majina kama Tamu na Malaika. Tamu alikuwa na mwili wa kitambaa, kamba ya kuvuta ili aseme, na nywele fupi zilizojikunja. Shindana ilifungwa mwaka 1983. Baby Nancy aliingizwa katika jumba la heshima la vitu vya kuchezea la Marekani mwaka 2020.

Baby Nancy alikuwa wa plastiki. Mashine ilimpandikiza nywele tundu kwa tundu, na leo fundi wa mkono hufanya vivyo hivyo kwa sindano ya kroshia: hufuma kofia ndogo, akapitisha uzi mweusi kitanzi kwa kitanzi, mpaka kichwa kijae. Nywele za namna hiyo hazina njia moja iliyolazimishwa na mshono. Zinasukika twende kilioni, zinafumuliwa, zinasukwa upya.

Na uzi mweusi si mgeni vichwani mwetu. Nywele za uzi tumesukwa vizazi na vizazi, tumekaa katikati ya magoti ya mama au shangazi, kichwa kimeshikwa kwa nguvu. Akimaliza, hukata, na kipande kinachosalia kwenye kibunda huokotwa na aliyesukwa. Anajua kitakwenda kwa nani.