Semina: Kitalu au Darasa? Historia ya Neno Moja katika Taaluma ya Uchumi

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyopokewa katika Kiswahili pasipo ubishi, semina ni mojawapo. Ni neno fupi, huishia kwa irabu, na upatanisho wake wa kisarufi haumpi mtu taabu. Mtumishi wa serikali husema anakwenda semina, mwalimu naye husema ametoka semina, na wote wawili huelewana: wameitwa, wamekaa, wamefundishwa. Lakini mfasiri anayeshughulikia maandishi ya uchumi hulikuta neno hilohilo likiwa na maana inayokaribia kuwa kinyume cha hiyo. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maana hizo mbili zilivyofarakana, na kwa nini si jambo dogo kuziacha zichanganyike.

Asili ya neno

Katika Kilatini, seminarium ni kitalu, yaani mahali ambapo mbegu huoteshwa mpaka miche ipate nguvu ya kuhamishiwa shambani. Mtaguso wa Trento ulipoamuru, mwaka 1563, kwamba majimbo ya Kanisa yawe na mahali pa kuwalelea vijana watakaokuwa mapadri, neno hilo ndilo lililotumika. Hiyo ndiyo seminari tuijuayo hata leo. Vyuo vikuu vya Ujerumani navyo vikalipokea kwa kazi yao. Katika karne ya 19, mwanahistoria Leopold von Ranke aliwakusanya wanafunzi wachache mjini Berlin ili wazichambue hati za kale pamoja naye. Tofauti na mhadhara ilikuwa dhahiri. Katika mhadhara profesa husema na wanafunzi huandika. Katika semina mwanafunzi huleta kazi aliyoitafiti mwenyewe, na wenzake wakaihoji.

Wanauchumi wa Ujerumani waliifuata desturi hiyo. Gustav Schmoller, aliyefundisha Strasbourg kuanzia mwaka 1872 na Berlin kuanzia mwaka 1882, alishikilia kwamba kanuni za uchumi hazitungwi mezani kabla ya kuchunguza kodi, mishahara na vyama vya mafundi jinsi vilivyokuwa hasa. Mwaka 1879 alichapisha kitabu juu ya chama cha wafumaji wa Strasbourg. Kadhalika, tangu mwaka 1878 alisimamia mfululizo wa vitabu ambamo kazi za wanafunzi wake zilipata kuchapishwa. Hivyo historia ya uchumi, ikiwa taaluma yenye njia zake, kwa sehemu kubwa ilioteshwa kitaluni.

Kutoka Ujerumani desturi hiyo ilivuka bahari. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876, kiliwaajiri Herbert Baxter Adams, mwanahistoria, na Richard Ely, mwanauchumi, wote wawili wakiwa wamepata shahada zao za udaktari Heidelberg. Mmoja wa waliokaa katika semina yao alikuwa Woodrow Wilson, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Huko London, Eileen Power aliendesha semina juu ya biashara ya Uingereza katika zama za kati, na mwaka 1933 yeye na M. M. Postan wakahariri kitabu kilichotokana na kazi ya wanasemina hao kuhusu karne ya 15.

Chuo Kikuu cha Chicago kilichagua neno jingine, lenye maana ya karakana. Katika miaka ya 1950 Milton Friedman aliongoza huko karakana ya mambo ya fedha na benki. Makala yaligawiwa mapema, na waliohudhuria walitakiwa wawe wameyasoma. Mwandishi hakupewa nafasi ya kuyasoma tena mbele yao, bali alijibu maswali. Neno tulilo nalo kwa maana hiyo, warsha, tumelipata kutoka Kiarabu, nako pia maana yake ni karakana.

Yafaa basi izingatiwe kwamba kitalu na karakana yote ni majina ya mahali pa kazi za mikono. Kinacholetwa humo hakijakamilika. Mche ni dhaifu, kiti hakijapigwa randa. Anayekileta anajua hivyo, na walioketi wanajua hivyo.

Semina katika mazingira yetu

Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza kikiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na desturi ya semina ilikuja nacho. Mwaka 1965 kilianzishwa chuoni hapo kitengo cha utafiti wa uchumi, ambacho makala yake kuhusu kilimo, viwanda na mipango ya maendeleo yalisambazwa ili yajadiliwe. Mjadala haukuishia ukumbini. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilichapisha makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Walter Rodney, John Saul na Tamas Szentes wakayajibu, na baadaye Tanzania Publishing House ikayatoa makala hayo pamoja na majibu yake katika kitabu kimoja. Huo ni mfano bora wa moyo wa semina: hoja na pingamizi zikafungwa ndani ya jalada moja.

Lakini makala hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, ingawa jarida lenyewe lilibeba jina la Kiswahili. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwafikia wananchi kwa Kiswahili, na kutoka humo maneno kama unyonyaji na kujitegemea yakaenea hadi vijijini. Utafiti wa uchumi, kwa upande wake, ulihojiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kilizoea kutangaza uamuzi wa kiuchumi kabla hakijazoea kuuhoji. Neno semina lilipotoka chuoni kuingia maofisini, lilikwenda upande wa kutangaza. Hatimaye tumepata semina elekezi, jina linalokiri lenyewe kwamba anayehudhuria amekuja kuelekezwa.

Madhara yake yaonekana katika tafsiri. Ofisa aliyealikwa kwenye semina ambayo kwa hakika ni ya utafiti huja na daftari la kunakilia, si na maswali. Mkulima au mwalimu aliyealikwa kwa sababu anaijua bei ya pamba kuliko mtafiti hunyamaza, akidhani ameitwa afundishwe. Mtafiti huondoka na makala yenye kosa lilelile alilokuja nalo, na kosa hilo huweza kuingia katika mpango wa serikali.

Mapendekezo

(a) Semina ya utafiti itumike kwa mkutano ambamo kazi isiyokamilika huletwa ihojiwe. Mfasiri asiliache neno semina peke yake katika muktadha huo.

(b) Mafunzo yatumike pale ambapo mmoja anafundisha na wengine wanapokea, hata kama barua ya Kiingereza imeandika semina au warsha.

(c) Makala ya semina yaitwe rasimu mpaka yachapishwe, ili msomaji ajue kuwa yangali kitaluni.

(d) Anayetangulia kuyahoji makala aitwe mchokoza mada. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika makongamano yetu, nalo hueleza kazi yenyewe kwa uwazi.

(e) Historia ya uchumi ipendelewe kuliko historia ya kiuchumi, kwa kuwa uchumi ndio unaosimuliwa. Haielezwi namna ya kusimulia.

Istilahi hizi hazitaanzisha semina hata moja zikiachwa katika orodha. Zitafaa siku mwaliko utakapoandikwa kwa Kiswahili, rasimu ikatangulizwa kwa Kiswahili, na mtumishi wa serikali akafika akiwa ameisoma na kuiwekea alama za kuuliza pembeni.