Pilipili Mulongoy, mchoraji wa kando ya maji

Wazee wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Tunaanza na hii mezali sababu maisha ya Pilipili Mulongoy inatuletea swali juu yake.

Pilipili alizaliwa mwaka 1914 katika Katanga, mtoto wa mvuvi. Mtoto wa mvuvi anasoma maji mbele ya kusoma kitabu: anajua mamba anayejifanya gogo, na ndege anayesimama kimya akingojea kitoto cha samaki.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, zamani ofisa wa jeshi la majini, alifungua mu Élisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo) nyumba ya uchoraji, ile watu waliita Hangar. Yeye alizaliwa Brest, mji wa pwani ya Ufaransa. Basi mtu wa bahari na mtoto wa mvuvi walikutana mbali sana na bahari.

Sheria ya ile nyumba inatushangaza sisi walimu: hakuna kuigiza, hakuna kukopiya picha za Ulaya. Kila mtu atoe kile kiko ndani yake. Mwenze Kibwanga alijaza picha na mistari mifupi mifupi. Bela alipaka rangi kwa vidole. Pilipili alichukua samaki, mamba, nyoka na ndege, akawapanga juu ya madoa madogo na majani yanayorudi-rudi mpaka nafasi yote inajaa. Ukiangalia mbio-mbio unaona mapambo. Ukikawia, unaona njaa: mkubwa anameza mdogo, na mdogo naye anatafuta cha kumeza. Ndiyo kando ya maji vile mvuvi anaijua.

Lakini tusiseme mambo nusu. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu, na bwana aliogopa kwamba masomo ya Ulaya yatawaharibu wanafunzi wake. Kumkataza mtu mambo ya nje, ni kumlinda ao ni kumfungia? Tunafikiri ni yote mawili. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Pilipili hakupotea pamoja naye: alifundisha mu akademia ya sanaa iliyoanzishwa na Mbelgiji Laurent Moonens mwaka 1951, na akaendelea kuchora. Kumbe mkono ulikuwa wake. Tena, alipoingia Hangar alikuwa amekwisha kupita miaka 30. Samaki ile haikuwa mbichi tena. Maji ya kwao ilikuwa imekwisha kuikunja.

Pilipili alikufa mwaka 2007. Mwaka 2015, picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo. Na sisi je? Siku moja tuliomba kalasi yetu ichore samaki. Karibu wote walichora ile ya kwenye kopo la sardini. Mmoja tu, anayeenda likizo kwa babu yake kando ya Lualaba, alichora samaki yenye meno, na ndogo ndani ya kinywa chake. Hakuwa amesikia hata jina la Pilipili.

Siku ile tuliliandika ubaoni, na miaka miwili: 1914 na 2007. Wandugu walimu, tunaomba mfanye vilevile. Mtoto asingojee kwenda Paris ili ajue kwamba mto wa babu yake ni kitu cha kuchora.