Mbwa, ubongo na kingamwili zinazong'aa

Mbwa akimng'ata mtu huku Uluguru, swali la kwanza ni moja: alikuwa na kichaa? Jibu limo ndani ya ubongo wa mbwa, na njia ya kulisoma ina historia yake.

Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard walipachika rangi inayong'aa kwenye kingamwili, wakaona bakteria kwa darubini. Baadaye ujanja huo ulitumika kutambua seli za neva zinazotoa asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ijikaze. Kingamwili inanasa kimeng'enya kinachoitengeneza, seli inawaka.

Ajabu ni kwamba kirusi cha kichaa nacho kinaijua njia hiyo: mwaka 1982 ilionyeshwa kuwa hung'ang'ania vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli.

Tangu 1958 kingamwili zinazong'aa zinakisaka kirusi hicho ubongoni, ila darubini yake ni ghali. Mwaka 2006 ikachapishwa tathmini ya kipimo kinachotumia darubini ya kawaida, kwa sampuli za wanyama wa Tanzania. Hapo vijijini ndipo tunapopatia matumaini.

Ila ukiumwa usisubiri kipimo. Osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kimbilia chanjo. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.