Udongo wa Gubbio

Msomaji, ukifika Gubbio katika nchi ya Italia, utaona ubavuni mwa mlima tabaka ya udongo yenye unene wa kidole tu. Chini yake mawe yamejaa magamba ya vijidudu vya bahari. Juu yake karibu wote wametoweka. Udongo huo ni wa miaka milioni 66 iliyopita, zama walipoangamia dinosaria.

Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na wenzao wawili, walitangaza kwamba udongo huo una iridiamu nyingi, madini yaliyo haba sana katika ardhi yetu lakini si haba katika vimondo. Basi wakanena kwamba kimondo chenye upana wa kilomita 10 hivi kiliipiga dunia, vumbi likalifunika jua, mimea ikafa, na walaji wake wakafuata. Wengi walishuku: shimo liko wapi? Mwaka 1991 lilitambuliwa huko Chicxulub, Mexico, limefukiwa chini ya ardhi, upana wake kilomita 180 hivi.

Hata hivyo wako wanaozitaja volkano za Deccan, Bara Hindi, zilizomwaga zaha kabla ya pigo hilo na baada yake. Mimi naona kimondo ndicho mshtakiwa wa kwanza, ila pengine kiliikuta nyumba imekwisha tikiswa.