Rangi Inayozimwa na Hewa

Chupa ya Winkler naijua kwa mikono yangu, kwa kuwa kazi yangu ni maabara ya maji. Njia hiyo ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini, aliyoianzisha Lajos Winkler wa Budapest mwaka 1888, bado ndiyo tunayoiamini. Unateka maji bila kuacha hata kiputo, unatia chumvi ya manganizi na alkali yenye iodidi, mashapo ya kahawia yanazama. Kisha asidi, kisha wanga, halafu unadondosha thiosulfeti tone kwa tone hadi buluu ipotee. Jibu ni sahihi, lakini maji yale yameshaharibika.

Mwaka 1956 Mmarekani Leland Clark alitangaza elektrodi yake ya platinamu iliyofunikwa utando mwembamba. Oksijeni ya damu ikasomeka papo hapo. Hata hivyo, oksijeni inayoifikia platinamu huliwa, na maji yasipokorogwa kipimo hushuka chenyewe.

Njia isiyokula oksijeni ilikuwa imeshachipuka Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1931. Hans Kautsky alinatisha rangi kwenye punje za silika jeli, akazimulika, zikang'aa. Hewa ilipoingia mng'ao ulififia, ilipotolewa ukarudi. Molekuli ya rangi iliyomulikwa hubeba nishati ya ziada, na oksijeni ikiigusa huipokonya nishati hiyo kabla haijatoka kama mwanga.

Kautsky hakuishia hapo. Alichanganya punje zinazong'aa na punje nyingine zenye kijani cha malakiti katika umbo lake lisilo na rangi. Alipozimulika, zile za pili zikageuka kijani: oksijeni iliyopokea nishati ilikuwa imevuka kutoka punje hadi punje. Wanakemia walichukua takriban miaka 30 kumkubali. Alikuwa sahihi.

Katika miaka ya 2000, likifuata kanuni hiyohiyo ya mng'ao unaozimwa na oksijeni, kundi la Ingo Klimant huko Graz, Austria, lilitia ndani ya vipunje vya plastiki, vidogo kuliko bakteria, rangi ya porifirini ya platinamu, ambayo hung'aa nyekundu, pamoja na magnetaiti inayovutwa na sumaku. Vipunje hutawanywa katika kimiminika, sumaku iliyo nje huvikusanya ukutani, na uzi wa kioo husoma mng'ao wao kupitia ukuta huohuo.

Winkler na Clark walitufundisha kupima, nami nawaheshimu. Ila Kautsky ndiye aliyeonyesha kwamba oksijeni yaweza kupimwa ikabaki oksijeni. Kwa mtafiti anayekuza seli katika matone machache, ambamo oksijeni ni haba, hapo ndipo penye tofauti kati ya kipimo cha kweli na cha uongo.