Ubatizo wa maji: asili yake ya Kiyahudi

Ubatizo wa maji ni ibada ya kumpokea mtu katika kanisa la Kikristo, lakini mizizi yake ni ya Kiyahudi. Yohana Mbatizaji alipobatiza katika Mto Yordani, kabla kidogo ya mwaka 30 BK, waliomwendea walikuwa Wayahudi waliozoea kuzama majini kwa ajili ya dini tangu utotoni.

Torati iliwaagiza waoge. Mambo ya Walawi 15 inataja wanaopaswa kuoga ili watakasike, na sura ya 16 inamtaka kuhani mkuu aoge Siku ya Upatanisho. Kufikia karne ya 1 KK agizo hilo lilikuwa limezaa birika maalumu, mikve, lililochongwa mwambani na kuwekewa ngazi za kushukia. Wanaakiolojia wamefukua mamia ya mabirika hayo: Yerusalemu karibu na Hekalu, Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, hata juu ya ngome ya Masada jangwani.

Sheria za maji hayo zinastahili kusomwa na mtu wa Mutomo, kusini mwa Kitui nchini Kenya. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 BK, inadai sea 40 za maji, yaani mamia ya lita, na hayo yawe yameingia yenyewe: ya chemchemi, ya mto, au ya mvua iliyotiririka hadi birikani. Maji yaliyotekwa kwa chombo hayahesabiwi katika kipimo hicho. Yudea ni nchi kavu, mvua yake huja majira ya baridi tu, kwa hiyo mwamba ulitegeshwa ili uongoze maji shimoni. Huko kusini mwa Kitui watu huvuna mvua juu ya miamba kwa njia inayokaribiana sana na hiyo, ingawa wao hutafuta maji ya kunywa na ya mifugo.

Yohana alileta mapya mawili. Myahudi alijizamisha mwenyewe, tena kila alipopata unajisi. Yohana aliwazamisha wengine, na alifungamanisha tendo hilo na toba mbele ya hukumu iliyokaribia. Hata toba hiyo haikuwa ngeni. Hati ya kanuni za jumuiya iliyopatikana Qumran inasisitiza kwamba maji hayamtakasi asiyeacha uovu wake, na mwanahistoria Myahudi Josephus anaeleza ubatizo wa Yohana karibu vivyo hivyo: mwili huoshwa baada ya nafsi kutakaswa kwa haki.

Kuna pia desturi ya kumzamisha mgeni anayeingia Uyahudi. Wataalamu hubishana kama ilikuwapo kabla ya Yohana. Mishna inataja mabishano ya shule za Hilleli na Shamai kuhusu mwongofu aliyezama mkesha wa Pasaka, na hilo huwafanya wengi waiweke kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Desturi hiyo ingali hai Afrika Mashariki. Waabayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walizama majini mwaka 2002 mbele ya marabi waliotoka ng'ambo, na mamia wakathibitishwa kuwa Wayahudi.

Wakristo wa mwanzo walirithi upendeleo wa maji yanayotiririka, kisha wakaulegeza. Didake, mwongozo wa kanisa wa mnamo mwaka 100 BK, unataka maji yaliyo hai, yaani yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine yoyote. Na yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu. Ruhusa hiyo ya mwisho ni nzito kuliko inavyoonekana, maana ndiyo inayoruhusu ubatizo kufanyika mahali palipokauka.

Ukambani, eneo la Wakamba ambamo Mutomo imo, ulipokea njia zote mbili, kuzamisha na kumimina. Walutheri wa Kijerumani waliofungua misheni Ikutha, kwenye njia ya Mutomo kwenda Kibwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1890, walimimina, na Wakatoliki wa Mutomo humimina hadi leo. Africa Inland Mission, iliyoanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott na kuchukua vituo vya Walutheri baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifundisha kuzamisha. Pale ambapo mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi kadhaa ya mwaka, kanisa linalozamisha husubiri mvua, hutafuta bwawa, au hujenga birika lake la saruji.